Jina Lililokataliwa Kila Jioni

Mhubiri aliyeletwa kumzika mama mkwe wangu alikuwa kijana mwenye suti ya kubana na sauti iliyozishinda spika zilizokodishwa. Akiwa kando ya kaburi lililokuwa bado wazi, alisema kwamba mtu anayefanya jambo lilelile kila siku huku akitarajia matokeo tofauti ni mwendawazimu, na kwamba wengi wetu tuliokaa chini ya hema tulikuwa wendawazimu wa aina hiyo: dhambi zilezile, toba ileile, Jumapili nenda Jumapili rudi. Watu wakaitikia amina. Mimi niliinamisha kichwa ili nicheke bila kuonekana, nikashangaa kuona machozi yametangulia. Maneno yale niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, katika boma hilohilo la Homa Bay nyuma ya kilima cha Asego, na niliyemwambia ni huyohuyo aliyekuwa amelala ndani ya jeneza. Ulikuwa mwaka niliojifungua mtoto wangu wa kwanza. Sasa nimestaafu ualimu, naishi Migori, nyumba yangu ina mabati mapya na utulivu mwingi kuliko ninaouhitaji, na tangu turudi kutoka mazishini haipiti siku bila mimi kuurudia mwaka ule, chumba kwa chumba.

Nianze na sebule, kwa sababu ndiyo ninayoikosa zaidi. Nyumba ilikuwa ya udongo, sakafu ikipakwa samadi kila mwisho wa wiki hadi ikawa laini chini ya nyayo. Viti vya mbao vilivalishwa vitambaa vyeupe vilivyotariziwa maua, na hakuna aliyeruhusiwa kuvikalia akitoka kuanika omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Mume wangu, Ouma, alikuwa akifundisha Oyugis na kuja nyumbani siku za Jumamosi, kwa hivyo siku nyingi tulikuwa watatu tu: Mama, mimi, na mtoto. Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Kijaluo changu siku zile kiliishia kwenye salamu na majina ya vyakula, naye Kikuria hakukijua hata neno, basi tukakutana katika Kiswahili: changu cha chuo cha ualimu, chake cha sokoni, alichokiokota akiwauzia omena Waislamu wenye maduka pale mjini na wachuuzi waliotoka mbali. Changu kilikuwa na sarufi, chake kilikuwa na nguvu. Aliniita Nyar Kuria, binti wa Wakuria, na amri yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa nimalize uji kabla sijafungua mdomo kwa jambo jingine lolote. Ulikuwa uji wa mtama uliotiwa ukwaju, mzito, mchachu, wa kumrudishia mzazi damu. Mpaka leo nikiupika hapa Migori hautoki vile, ingawa mtama ni uleule na ukwaju ni uleule na mkono ni huu alioufundisha yeye. Hata hivyo naupika.

Mtoto alikuwa na kilio cha jioni. Mchana kutwa alikuwa mtu wa amani, lakini jua likianza kuteremkia upande wa ziwa alijikunja, akakaza ngumi, akalia mpaka kope zikavimba. Muuguzi wa kliniki aliniambia ni msokoto wa tumbo, watoto wengi wanao, utaisha wenyewe kabla hajajua kukaa. Kwa watu wa nyumba ile kilio cha namna hiyo kilikuwa ombi la jina. Tulikuwa tumembatiza Samweli, lakini hilo lilikuwa la kanisani. Jina la ukoo alikuwa hajapata, na Wajaluo husema mtoto anayelia hivyo amejiwa na mmoja wa waliokufa, anayetaka kuitwa tena nyumbani. Basi wakubwa humbeba na kumtajia majina ya marehemu wa ukoo, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Sheria ya nyumba yetu ilikuwa kwamba kunyamaza kuwe kunyamaza kweli: atulie, abaki kimya, amtazame usoni aliyemwita. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya Waya Dorsila, shangazi wa mume wangu, maana waya ndivyo wanavyomwita shangazi. Yeye alitaka mtoto achukue jina la kaka yake Ogola, yaani marehemu baba mkwe wangu, na alikuwa mjanja. Alingoja mtoto akatize kilio ili avute pumzi, akachomeka "Ogola" hapohapo, kisha akatutazama kama mtu aliyefunga bao. Mama alimwambia mtoto anapumua tu, hata mbuzi hupumua.

Mama mwenyewe alikuwa na jina moja tu la kumtajia. Waya alipomaliza ujanja wake, au siku ambazo hakuja, Mama alinawa mikono, akampokea mtoto, akamgeuza wakawa uso kwa uso, akamwambia kwa Kijaluo, polepole na bila kupaza sauti: kama ni wewe, Obura, nyamaza. Mtoto akalia. Mama akangoja, akimkazia macho, kisha akanirudishia na kwenda kupuliza moto. Kesho yake jina lilelile, sauti ileile, kilio kilekile. Hakuwahi kujaribu jingine, na hilo ndilo lililonikera mimi niliyetoka chuoni na vyeti vya sayansi. Kama ni mtihani wa majina, nilijiambia, si ajaribu yote?

Obura alikuwa mwanawe wa mwisho. Ouma alinisimulia habari zake mara moja tu, sahani za ugali zikiwa mapajani, na hakurudia. Kijana alikuwa amevuka kwenda kisiwa cha Mfangano kununua samaki na wenzake, mtumbwi ukaonekana siku ya pili umepinduka, wenzake wakapatikana, yeye hakupatikana. Walingoja sana. Mwishowe wazee wakafanya kinachofanywa kule ziwa linapokataa kumrudisha mtu: wakachuma tunda la mti wa yago, refu na zito, wakalivisha sanda, wakaliombea, wakalizika mahali pake kama yeye. Aliyelibeba hadi kaburini alikuwa Ouma. Aliniambia kilichomshinda ni uzito, kwamba lilikuwa zito kama mtoto aliyelala. Mama hakulia siku hiyo. Alikaa jikoni akimenya mihogo tangu asubuhi, mihogo mingi kuliko wageni waliokuwepo, na wanawake wakanong'ona kwamba moyo wake umekauka. Ouma alipokuja nyumbani mwisho wa wiki, saa ya kilio cha mtoto ilipofika hakukosa sababu ya kutoka. Baiskeli ilihitaji kuangaliwa, au ng'ombe alikuwa amefungwa vibaya.

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tukila omena walioungwa kwa nyanya, mtoto amelala, nikamweleza Mama kwa upole wa kitaaluma kwamba mkufunzi wetu wa sayansi alitufundisha hivi: ukifanya jambo lilelile kwa njia ileile, utapata lilelile, na anayetarajia tofauti ana kasoro kichwani. Nikamwambia kama anataka jina la Obura likubalike, labda abadilishe kitu, saa, au mahali, au amwite mtu mwingine amtamkie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akameza tonge, akauliza, "Hiyo mwalimu yenu amelea watoto wangapi?" Nikasema sijui, nadhani hakuwa na mtoto. "Basi kunywa uji," akasema, na uji wenyewe haukuwepo mezani. Nilicheka, akacheka, na kesho yake jioni akamwita Obura tena.

Sikujua wakati gani nilianza kumpenda. Labda ni maji ya moto aliyonikanda nayo mgongo miezi ile ya kwanza, akinikaripia kwamba Wakuria ni wagumu kama magogo. Labda ni vile alivyoniwekea kichwa cha samaki, sehemu anayopewa mtu wa heshima, na kuwaambia wageni waliokodoa macho kwamba nimejifungua juzi, macho yao wayapeleke kwingine. Nilikuwa na hamu ya kwetu inayouma kama jino. Nilitamani milima ya Ntimaru, baridi yake ya asubuhi, na watu wanaotamka jina langu sawasawa. Mama aliliona hilo bila kuambiwa. Alianza kurudi sokoni na ndizi za kupika, ambazo yeye mwenyewe hakuzipenda, akizitua mbele yangu na kusema amezipata bei ya chini.

Kijaluo changu kilikua bila mtu kunifundisha, naye Waya Dorsila ndiye aliyenionyesha kimefika wapi. Nilikuwa nyuma ya jikoni nikichambua mrenda, wao wawili wako ndani, na ghafla nikatambua kwamba ninaelewa kila neno. Waya alikuwa akimkanya. Alisema mtu aliyekufa bila mke wala mtoto jina lake haliitwi, kila mtu anajua, na kwamba anamtafutia mjukuu mkosi kwa ukaidi wake. Halafu nikamsikia Mama, na katika lugha yake alikuwa mtu mwingine, laini, asiye na haraka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Kisha akasema kwamba kuna mama muuza nyavu aliyemwona Obura sokoni Musoma, amekonda, amefuga ndevu, lakini ni yeye. Waya akasema huyo mama anaona watu kila mahali. Hapo Mama akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka uzeeni. "Jina la mtu aliye hai haliwezi kumnyamazisha mtoto. Unajua hilo kuliko mimi. Kila jioni namuuliza huyu mdogo, na kila jioni ananiambia Obura wangu bado anatembea. Niache nijibiwe."

Nilibaki na majani mkononi. Miezi yote ile nilimdhania mwanamke anayerudia jambo lilelile akitarajia libadilike, kumbe alikuwa akilirudia kwa kuomba lisibadilike. Alipomkazia mtoto macho baada ya kulitaja jina, hakuwa akingoja kimya. Alikuwa akikiogopa, na kilio kilipoendelea alikwenda kuwasha moto akiwa amepewa siku nyingine moja ya kuwa mama wa mtu aliye hai. Mkufunzi wetu hakutufundisha lolote kuhusu mtu wa namna hiyo, wala yule mhubiri wa juzi hakuwa na habari naye. Nimefundisha hesabu za sehemu kwa watoto wa darasa la nne maisha yangu yote, maneno yaleyale, ubao uleule, na nikiulizwa kwa nini niliendelea nitasema niliona watoto wakielewa. Lakini najua niliendelea pia kwa sababu asubuhi ilipofika ndivyo nilivyofanya, na nisingejua kuwa nani kama ningeacha.

Kuanzia siku ile nilishikwa na hofu. Mtoto alikuwa akikua. Misokoto ya tumbo ilikuwa imepungua, na jioni nyingine alilia kidogo tu, kama mtu anayetimiza wajibu. Katika boma lile mimi peke yangu nilimwamini muuguzi wa kliniki, na kwa hivyo mimi peke yangu nilijua kwamba jibu litabadilika, hivi karibuni, na kwamba litabadilika bila Obura kuhusika kwa namna yoyote. Mama nilikuwa nimeshamweleza habari za msokoto wa tumbo, akanisikiliza kama alivyosikiliza habari za mkufunzi wangu. Kwake kimya kingekuwa na maana moja tu. Kingekuwa habari ya msiba, nayo ingetoka kwa mtoto wangu. Nikatafuta la kufanya nikalipata. Nilimnyonyesha mara ya mwisho jua likiwa bado juu, halafu nikamnyima hadi Mama alipokuja kumchukua. Njaa ilimliza alipokuwa hana tena tumbo la kumliza. Nilipomsikia akilia kwa hasira, na kumwona Mama akirudi motoni na mabega yaliyolegea kwa faraja, nilihisi nimefanya kazi nzuri kuliko zote nilizofunzwa. Maziwa yalinitoka kila alipolia, yenyewe, kama yanavyotoka, nami nilijifunga leso kifuani mara mbili nisionekane. Kisha nilikwenda naye chumbani na kumwomba radhi kwa Kikuria huku akinyonya kwa pupa.

Mwaka ukaelekea mwisho hivyo, watu wawili tukilinda uhai wa mtu wa tatu na kila mmoja akidhani yuko peke yake. Sijawahi tena kuishi na mtu kwa ukaribu ule. Na kama ningeweza kurudishiwa jioni moja tu ya maisha yangu, singechagua ya arusi wala ya kuhitimu. Ningechagua moja katika zile, isiyo na lolote la ajabu, moshi ukiwa mwingi, ugali wa mtama na muhogo ukisongwa, mtoto analia, na Mama ananiambia kwa Kiswahili chake, bila kugeuka, "Hii mtoto amekataa tena," kwa sauti ya mtu aliyeletewa zawadi.

Jioni ambayo haikuwa hivyo ilikuwa ya joto, mvua ikigoma kunyesha. Nilikuwa nimefua leso zangu zote, ziko kwenye kamba, hazijakauka. Mtoto alikuwa na njaa, nilihakikisha, na alilia vizuri, machozi na kila kitu. Mama alinawa mikono akampokea. Akamgeuza. Akasema maneno yake. Mtoto akakata kilio katikati. Nilidhani anavuta pumzi. Alipiga kwikwi mara moja, akatulia, akayafungua macho yake yaliyolowa na kumtazama Mama mdomoni, pale jina lilipotokea. Mama akangoja. Mimi nikangoja, nikimsihi moyoni mwanangu alie, njaa unayo, lia. Mama akalitaja tena, safari hii kwa sauti ndogo kama anayemwomba asisikie. Mtoto akatabasamu, akanyoosha mkono, akamshika kidevu.

Mama hakuniangalia kwanza. Alisema akiwa bado anamtazama, kwa Kiswahili, maana alikuwa akiniambia mimi, "Labda ameshiba. Si amenyonya saa hii?"

Alikuwa ananiachia mlango wazi. Mtoto aliyeshiba akinyamaza hana alichosema. Nikauingia mlango huo kwa moyo wangu wote.

"Amenyonya, Mama," nikamwambia. "Ameshiba kabisa."

Ndipo aliponigeukia. Macho yake yalitua kifuani pangu, nami nikatazama alipotazama. Gauni lilikuwa limelowa pande zote mbili, maziwa yameteremka hadi kiunoni. Hapakuwa na leso wala neno la kuyafunika. Nilifikiri atanikasirikia. Alilitazama gauni langu kwa muda, na usoni mwake nikaona akizielewa jioni zote zilizopita, moja baada ya nyingine, na mimi nilikuwa wapi katika kila moja. Akanikaribia. Akamlaza mtoto mikononi mwangu, akaniwekea kiganja shavuni, kiganja chenye harufu ya omena na majivu.

"Nyathina," akasema, yaani mwanangu, neno ambalo hakuwahi kuniita. "Umechoka. Mpe Obura anyonye."

Kisha akatoka nje, akasimama katikati ya boma, akapiga ile nduru ya msiba ambayo hakuipiga siku walipozika tunda. Ilipanda hadi kilimani. Majirani wakaja mbio kutoka kila upande, wanawake wameshika vichwa, wakamkuta ameketi chini mavumbini hawezi kusema, basi wakaingia ndani kuniuliza mimi ni nani amekufa. Niliwajibu kwa Kijaluo, na kilikuwa sahihi. Nikawaambia ni Obura, naye Obura alikuwa kifuani pangu, ananyonya.